Mbegu ya Jino na Haki ya Aliye Mdogo

Pale Kitshanga, kama katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, mtoto wa miezi sita akishikwa na homa na kuhara, mama yake hakosi washauri. Mmoja humwambia ampeleke kwenye kituo cha afya. Mwingine humfungua mtoto kinywa, huupapasa ufizi kwa kidole, huona uvimbe mdogo mweupe mahali pa jino la chonge, na hutoa hukumu palepale: mtoto ana meno ya plastiki, nayo ndiyo yanayomuua, yang'olewe upesi. Wasemao Kinyarwanda huyaita ibyinyo. Uganda huitwa ebinyo. Tanzania watu husema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Majina ni mengi, lakini kazi ni moja. Huitwa mtu mwenye sifa ya kazi hiyo, naye huja na kisu kidogo, au na waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa, huchimba ufizi na kutoa kitu laini cheupe chenye umbo la funza. Humwonyesha mama na kusema: «Tazama, mdudu ndiye huyu.»

Kitu kile si mdudu, wala si plastiki. Ni mbegu ya jino la maziwa, iliyolala ndani ya ufizi ikingoja wakati wake. Mama hajui, na mara nyingi yule anayechimba naye hajui. Kilichoandaliwa tangu tumboni kwa miezi mingi hutupwa jalalani kwa dakika moja.

Mbali na vilima hivyo, huko Japani, China, Uingereza na Marekani, wako wataalamu ambao kwa zaidi ya miaka 20 wametafuta njia ya kuiunda mbegu ileile, au angalau kuziamsha nguvu zilizomo ndani ya jino ili lijijenge upya. Hutumia darubini, dawa na fedha nyingi kupata kile ambacho waya wa baiskeli hukiharibu. Habari hizi mbili hazifanani, lakini zote mbili zinaleta swali moja, na swali hilo ni la dhamiri: mwanadamu ana haki gani juu ya kitu kidogo, kilichofichika, kisichofikia bado umbo lake?

1. Jino lilivyoumbwa

Jino huonekana kama jiwe, lakini si jiwe. Mbegu yake huanza kutokea mimba ikiwa na majuma sita hivi, wakati ambapo pengine mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Mtoto azaliwapo kwa kawaida hana jino hata moja kinywani, walakini mbegu za meno yote 20 ya maziwa zimo tayari katika mataya yake, na baadhi ya mbegu za meno 32 ya ukubwani zimekwisha kuanza.

Nje ya jino kuna enameli, kitu kigumu kupita vyote katika mwili wa mtu, kigumu kuliko mfupa. Katika uzito wake, kadiri ya sehemu 96 kwa 100 ni madini. Chini yake kuna dentini, iliyo ngumu pia, lakini yenye vijitundu vyembamba visivyohesabika. Katikati kuna kiini laini chenye damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiumacho usiku.

Seli zinazoijenga enameli hufa jino linapochomoza. Ni kama mafundi waliojenga ukuta wakisimama nje, kisha wakaenda zao wasirudi tena. Kwa hiyo enameli ikivunjika, mwili hauwezi kuijenga upya. Lakini mafundi wa dentini hukaa ndani ya nyumba, wamejipanga kukizunguka kiini, nao wako hai. Uozo ukikaribia polepole, huongeza ukuta mwingine kwa ndani ili kukilinda kiini. Uozo ukija kwa haraka, hufa, na jino hufa pamoja nao. Ndivyo Muumba alivyolipa jino uwezo wa kujiponya, ingawa ni uwezo wenye mpaka.

Chonge la maziwa kwa kawaida huchomoza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 22, lakini ufizi huonyesha uvimbe wake mapema zaidi. Karibu na mbegu hiyo imelala mbegu ya chonge la ukubwani, ambayo huanza kuwa ngumu katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Waya unaoichimba ya kwanza mara nyingi huijeruhi ya pili. Ndiyo maana wako watu wazima ambao chonge lao halikuota kamwe, au liliota likiwa na kilema, nao hawajui sababu. Walikuwa wachanga mno hata wasikumbuke.

2. Waliyoyagundua wataalamu

Mwaka 2000, Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao nchini Marekani walitangaza kwamba ndani ya kiini cha magego ya mwisho, yale yanayong'olewa mara nyingi kwa kukosa nafasi, mna seli za namna ya pekee. Huitwa seli shina, kwa maana kama shina moja litoavyo matawi mengi, ndivyo nazo ziwezavyo kuzaa seli za kazi mbalimbali, na miongoni mwake seli za kujenga dentini. Mwaka 2003 Shi na wenzake walizipata pia katika meno ya maziwa yaliyotoka yenyewe. Habari hiyo ilianzia nyumbani: Shi alilitazama jino lililomtoka binti yake, akaona ndani yake mna nyama nyekundu bado. Jino ambalo watoto wengi wa Afrika hulitupa juu ya paa, wakiomba lingine lililo zuri zaidi, lilikuwa na hazina ndani yake.

Lakini mbegu peke yake haitoshi; yahitaji udongo. Kwa hiyo wengine walitafuta vitu vya kujengea vinavyopatana na mwili. Katika miaka ya 1990 Mahmoud Torabinejad, huko California, alileta namna ya saruji ya meno iliyotokana na saruji ileile ya waashi. Ikiwekwa juu ya kiini kilichofunuliwa, huziba vizuri, na seli zilizo chini yake hujenga daraja la dentini. Mwaka 2017 Paul Sharpe na wenzake, mjini London, waliweka ndani ya meno ya panya sifongo ndogo ya kolajeni iliyoloweshwa dawa. Sifongo ikayeyuka kidogo kidogo, na mahali pake pakajaa dentini ya kweli.

Mwaka 2018 wataalamu wa Xi'an, China, walieleza habari za watoto ambao meno yao ya mbele yalikufa kwa kuumia. Walichukua seli shina katika jino la maziwa la mtoto huyohuyo, wakazikuza, wakazitia ndani ya jino lililokufa. Baada ya mwaka mmoja jino lilikuwa na damu na fahamu tena, na mzizi wake uliendelea kurefuka. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Takashi Tsuji na wenzake nchini Japani walikuwa wamekwisha kuotesha jino zima katika kinywa cha panya, lenye enameli, dentini na kiini, jino la kutafuna na la kusikia maumivu. Na mwaka 2024, mjini Kyoto, dawa inayokusudiwa kuziamsha mbegu za meno zilizolala ilianza kujaribiwa kwa wanaume 30, hasa ili kujua kama haina madhara.

Hata hivyo mtu asidanganyike. Kutoka kinywa cha panya hadi kinywa cha mtu ni safari ndefu. Hakuna hospitali ambako mgonjwa huingia leo na pengo akatoka na jino zima lililooteshwa. Anayeuza sokoni dawa ya kuotesha meno, awe na cheti au asiwe nacho, anauza uongo.

3. Je, ni kushindana na Muumba?

Wako wachaji wa Mungu watakaosikia habari hizi na kuogopa. Watasema: Mungu amempa mtu meno mara mbili, atakaye mara ya tatu anamkosoa Mungu. Hofu hiyo ina heshima ndani yake, nayo isidharauliwe. Lakini haina budi kupimwa.

Mtaalamu haumbi seli. Huikuta. Wala haifundishi kujenga dentini. Huitengenezea mahali, huiondolea uozo, huipa kitu cha kushika, kisha hungoja. Ndivyo afanyavyo mkulima wa Masisi apandapo viazi: hulima, huweka mbegu, hupalilia, lakini hauvuti mche ili urefuke. Hakuna aliyemwambia mkulima kwamba anashindana na Muumba. Kinyume chake, husifiwa kwa kuwa mtumishi mwema wa ardhi. Mwili nao ni shamba alilokabidhiwa mtu, tena ni zaidi ya shamba, maana mwili huo umeahidiwa ufufuko. Anayeutibu haongezi neno lake juu ya neno la Mungu. Analisikiliza lile lililokwisha kusemwa ndani yake.

Wala jino si jambo dogo mno kwa dini. Mwaka 249, katika mji wa Aleksandria, Afrika, wapagani walimkamata bikira mzee Apolonia, wakampiga hata wakamvunja meno, naye akafa motoni kwa ajili ya Kristu. Tangu zamani wakristu wenye maumivu ya meno huomba kwa maombezi yake, na sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Eklezia haikuona haya kulitaja jino mbele ya Mungu. Bwana Yezu mwenyewe hakuwaambia vipofu wala viwete kwamba mwili hauna maana, aliwaponya kwanza.

Basi, kulirudisha jino lililopotea ni kazi njema. Mpaka wake ni ule wa kazi njema zote: iwe kwa ajili ya kuponya, si kwa majivuno, mgonjwa aambiwe ukweli wa hatari zake, na njia inayotumika iwe safi. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

4. Seli zinatoka wapi?

Jino la panya wa Tsuji lilitokana na seli za mimba changa za panya. Panya ni mnyama, na mwanadamu anaweza kumtumia kwa kiasi na bila ukatili. Lakini tamaa ya mtu haikai mahali pamoja. Mara aonapo kwamba seli za mimba changa zina nguvu kuliko nyingine, huuliza: kwa nini zisichukuliwe katika mimba ya mtu? Ni kidogo kuliko punje ya ulezi, haina uso, haina jina, haisikii maumivu. Na kwa kuichukua hiyo moja, wagonjwa wengi wangepona.

Fundisho la Eklezia juu ya jambo hili ni wazi. Hati iitwayo Dignitas Personae, ya mwaka 2008, inakubali na kuhimiza kazi ya seli shina zinazotolewa kwa mtu aliyekwisha kuzaliwa, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, bila kumdhuru yeyote. Lakini inakataa kuzitoa katika mimba iliyo hai, kwa sababu kuzitoa ni kuiua. Jino la maziwa lililotoka lenyewe, gego lililong'olewa kwa haki, seli za mgonjwa mwenyewe: njia hizi ni halali. Mimba ya mtu si ghala la vipuri. Ni mtu, mwana wa baba na mama, aliyeanza safari yake.

Huenda mtu atauliza: je, sheria hii haiwafungi mikono waganga? Historia yenyewe yajibu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli za kawaida za ngozi ya panya zaweza kurudishwa katika hali ya ujana wake, zikawa na nguvu kama za mimba. Mwaka 2007 jambo hilo lilifanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Njia ilikuwako, ila ilihitaji subira. Walakini hata kama isingalipatikana, katazo lingalibaki palepale. Lengo jema haliitakasi njia mbaya. Na hakuna aliye na ruhusa ya kununua tabasamu lake kwa uhai wa mwingine.

Hapa yafaa kumkumbuka tena yule mwenye waya wa baiskeli. Mbegu ya jino na mimba ya mtu si kitu kimoja, wala asitokee wa kuzichanganya: ile ni kiungo cha mtu, hii ni mtu mwenyewe. Makosa yake pia hayalingani. Lakini jicho linalokosea ni lilelile. Mmoja huona ndani ya ufizi kitu cheupe kisicho na umbo, husema: si jino, ni mdudu. Mwingine huona chini ya darubini kitu kisicho na umbo, husema: si mtu, ni seli tu. Wote wawili hupima thamani kwa kipimo cha macho. Wote wawili hukihukumu kitu kwa hali yake ya leo, wala hawaulizi ni kitu gani na kinaelekea wapi. Mmoja huharibu kwa hofu, mwingine kwa matumaini, na katika yote mawili anayelipa ni yule asiyeweza kusema.

5. Ni kwa ajili ya nani?

Liko swali la tatu, nalo linawahusu hasa watu wa Kivu. Dawa hii ikikamilika, itamfikia nani?

Katika eneo hilohilo la Masisi, huko Rubaya, watu huchimba koltani kwa sururu, koleo na mikono. Ndani ya koltani mna metali iitwayo tantali. Hukadiriwa kwamba Rubaya peke yake hutoa kadiri ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Sehemu kubwa huenda katika simu na mashine. Lakini tantali ina sifa nyingine: mwili wa mtu hauikatai. Kwa hiyo katika nchi tajiri hutengenezwa kwayo vipande vyenye matundu kama sifongo, ambavyo mfupa huota ndani yake; vimetumiwa katika nyonga na magoti, na pia katika mizizi bandia ya meno. Hakuna awezaye kusema kwamba kipande fulani kimetoka katika kilima fulani. Lakini yawezekana kabisa kwamba mzee wa nchi ya mbali anatafuna mkate wake kwa madini ya Masisi, naye mtoto wa mchimbaji anang'olewa gego ambalo lingeokolewa kwa kazi ya nusu saa.

Mzee yule hana hatia kwa kutafuna, wala asionewe kijicho. Kosa liko katika mpango ambao hupitisha madini kwa urahisi na hushindwa kurudisha dawa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na kwamba katika Afrika kuna kadiri ya waganga wa meno 3 tu kwa watu 100,000. Mji kama Kitshanga, ulioteketea kwa vita mwaka 2013, na ambao watu wake walikimbia tena Januari 2023 wakibeba watoto na magodoro, hauwezi kungoja jino la Kyoto. Haki yadai kwamba dawa iliyopo leo iwafikie wa leo.

Na dawa ipo. Kati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza namna ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine. Mganga hukwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono, kisha hujaza tundu kwa saruji nyeupe inayoshikamana na jino yenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Ulimwenguni liliipendekeza kwa dunia nzima, na mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, viliingizwa katika orodha yake ya dawa za lazima. Si muujiza wa magazeti. Lakini msomaji na alitafakari: uozo ukizuiwa mapema, kiini kikiwa hai bado, wale mafundi wa dentini walio ndani huendelea na kazi yao chini ya saruji. Huko nako ni kulijenga jino upya, na gharama yake si kubwa. Wenye mamlaka, mashirika na misioni wanaotaka kuwasaidia watu wa Masisi wana mahali pa kuanzia.

6. Wajibu wa nyumba ya mkristu

Methali yasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wajibu wa kwanza hauko Kyoto wala London, uko nyumbani.

Mtoto akihara, haumwi na mbegu ya jino. Kwa nini basi watu wamesadiki hivyo muda mrefu? Kwa sababu mambo mawili hutokea wakati mmoja. Karibu na mwezi wa sita mtoto huanza kupewa uji, hutambaa, hutia kinywani kila aokotacho, na hivyo huingiliwa na vijidudu. Na wakati huohuo fizi zake huanza kuvimba. Tena kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na sifa huenda kwa kisu. Lakini mtoto ambaye angekufa kwa kukaukiwa na maji, kisu hakimwongezei tone. Humpunguzia damu, humtia vijidudu na pengine pepopunda, na humpotezea mama siku moja ambayo ilikuwa ya thamani kuu.

Kinachomwokoa ni maji. Mama aendelee kumnyonyesha, na ampe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko, huku akimpeleka kwenye kituo cha afya. Zikikosekana pakiti za kituo, kipimo cha nyumbani ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visizidi. Wakati wa kukimbia vita, katika kambi ambamo maji ni machafu na mwenye kisu yu karibu kuliko muuguzi, maarifa haya ni kama shoka la mtu aliyeachwa msituni: asiyatupe njiani.

Kwa wakubwa zaidi, meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Pipi na soda zisiwe zawadi za kila siku. Na jino lenye tundu dogo lionyeshwe kabla halijawa na tundu kubwa. Jino la maziwa nalo litunzwe, maana ndilo linaloshika nafasi ya lile lijalo. Asemaye kwamba litatoka tu, basi lioze, anawaza kama yule aonaye funza katika ufizi.

Na mama aliyekwisha kumtoa mtoto wake kwa kisu, ahukumiweje? Kwa upole. Alikuja na kuku au fedha yake ya mwisho kwa kuwa alitaka mtoto aishi. Kutojua hupunguza hatia, na mahali pengine huiondoa kabisa. Hata mwenye waya huenda aliupokea kwa nyanya yake kama urithi wa huruma. Lakini ajuaye hawezi tena kurudi katika giza alilotoka. Aliyekwisha kufundishwa kwamba ile ni mbegu ya jino, kisha akachimba kwa sababu ya malipo, anamtenda mtoto dhambi. Na jirani aliyefundishwa, akasimama mlangoni akitazama bila kusema neno kwa kuogopa ugomvi, naye ana sehemu yake.

Siku ya mwisho, Mfalme atawauliza watu waliwatendea nini wadogo wake. Hataanza kuwauliza kama waliweza kuotesha jino jipya. Mtaalamu ataulizwa alizitoa wapi seli zake. Tajiri ataulizwa madini yake yalirudisha nini. Na mtu wa Kitshanga ataulizwa alifanya nini siku ile mama alipofungua kinywa cha mtoto na kuomba shauri. Kitu kilichokuwamo kilikuwa kidogo, cheupe, kisicho na umbo bado. Kilikuwa cha mtoto, na mtoto alikuwa wa Mungu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Kwa nini kazi ya kuliponya jino kwa seli za mgonjwa mwenyewe ni halali, na kuua mimba kwa ajili ya kupata seli si halali, hata kama lengo ni lilelile?

2. Kosa la mwenye waya na kosa la anayeharibu mimba hufanana wapi, na hutofautiana wapi?

3. Mama jirani akiambiwa kwamba mtoto wake ana meno ya plastiki, mkristu amwambie nini, na kwa namna gani, ili amsaidie bila kumwaibisha?

4. Je, katika kijiji hiki yuko mtu anayejua kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa kipimo sahihi? Awafundishe wengine lini?